Dai la Fidia Hufia Siku Saba za Kwanza, na Wanaoliua Wanajulikana

Mkono wa kibarua ukiingia kwenye misumeno ya kinu cha kuchambua pamba, hesabu mbili huanza kwa pamoja. Ya kwanza kila mtu anaiona: damu, kanga iliyokazwa juu ya kiwiko, bodaboda ya kumkimbiza hospitali. Ya pili haina kelele. Ni hesabu ya sheria, inayompa mwajiri siku 7 kuufahamisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) kwamba mtu wake ameumia kazini, na kumpa aliyeumia miezi 12 kuwasilisha dai lake. Mgonjwa akishashonwa na kulala, hesabu ya kwanza imetulia. Ya pili ndiyo kwanza inashika kasi.

Hukumu ya gazeti hili tunaitoa mwanzoni ili asiwepo wa kujifanya hakuisikia. Dai la fidia ya ulemavu halifii mezani kwa maofisa wa Mfuko, ingawa huko ndiko lawama nyingi hupelekwa. Linafia kwenye geti la kiwanda, kwenye dirisha la mapokezi ya kituo cha afya na uani kwa muunga mifupa, tena ndani ya wiki ya kwanza. Anayejitokeza mwezi wa 10 baada ya ajali kumsaidia aliyeumia amekuja kumsaidia kuandika barua za kuomba huruma. Msaada wenye maana ni ule unaofika kitandani kabla bandeji haijabadilishwa mara ya pili.

Tunalisema hili kutoka Simiyu kwa sababu Simiyu ndiyo pamba. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa, sehemu kubwa kutoka Shinyanga, ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo. Kuanzia Bariadi hadi Maswa, Meatu, Itilima na Busega, msimu ukifunguliwa Mei maelfu ya vijana huliacha jembe na kwenda kubeba, kulisha mashine, kufagia vumbi, kufunga marobota. Hawaajiriwi kwa mwaka. Wanaajiriwa kwa msimu, wengine kwa siku, na wengi mkataba wao ni jina lililoandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mlinzi.

Kwanza tuseme haki yenyewe ni ipi, maana hata baadhi ya wanaoinyima hawaijui. Chini ya sheria tuliyoirithi kwa mkoloni, fidia ya juu kabisa ya ulemavu wa kudumu ilikuwa Sh108,000. Si kwa mwezi. Zote, na basi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008 kuufuta ufedhuli huo, Mfuko ukaanza kupokea michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Leo mafao ni saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Aliyelazimika kukaa nyumbani akiuguza jeraha hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, hadi miezi 24. Daktari akikuta ulemavu wa kudumu uliozidi asilimia 30, ni pensheni ya kila mwezi. Ukiwa asilimia 30 au chini, ni malipo ya mkupuo.

Chukua mtu anayepata Sh240,000 kwa mwezi. Asilimia 70 yake ni Sh168,000. Akikaa nje ya kazi miezi yote 24 hiyo ni Sh4,032,000, na bado hatujagusa ulemavu wa kudumu. Mwajiri amechangia nini? Mchango wa sekta binafsi ulishushwa kutoka asilimia 1 hadi 0.6 mwaka 2021, kisha hadi 0.5 mwaka 2022. Kwa mshahara huo ni Sh1,200 kwa mwezi. Haifiki bei ya soda mbili. Na mfanyakazi hakatwi hata senti. Mzigo wote ni wa mwajiri. Kwa hiyo mwajiri asiyechangia asituambie habari za ugumu wa biashara na bei ya pamba duniani. Soda mbili!

Sasa tuitazame ile wiki.

Siku ya kwanza. Nyuzi zimekwama, mashine inaungurumia mzigo, msimamizi anapiga kelele kwamba foleni ya magari ya pamba imefika barabarani. Kibarua ananyoosha mkono kunyofoa, mashine haijazimwa. Anafikishwa kituo cha afya na watu wawili waliovaa vumbi jeupe mwili mzima, kila mwenye macho anajua wametoka wapi. Mhudumu anauliza jina, umri, kijiji. Kwenye kadi anaandika: jeraha la mkono, ameshonwa, arudi baada ya siku tatu. Ni maneno ya kweli, na kwa mgonjwa ni balaa. Yalitakiwa maneno machache tu zaidi: mkono wa kulia, mashine ya kuchambua pamba, akiwa kazini, zamu ya usiku, tarehe na saa. Miezi minane baadaye, mwajiri atakaposema kijana huyu aliumia kwao akikata kuni, ile kadi haitakuwa na la kumjibu. Hatumshtaki mhudumu kwa roho mbaya. Tunamshtaki kwa uzembe wa kutouliza swali moja, "umeumia wapi?", na tunawashtaki waganga wakuu wa wilaya ambao hawajalifanya swali hilo kuwa amri.

Siku ya pili au ya tatu, anafika msimamizi nyumbani. Kabeba sukari, mchele, na bahasha. Anaongea na mama wa mgonjwa kwa upole ambao kiwandani haujawahi kuonekana: "Mayu, usihangaike, tutamalizana wenyewe." Hapo ndipo kisu kinapopita. Mama anashukuru, maana kwa malezi yake mtu aliyekuja kukujulia hali ni mtu mwema. Bahasha inamaliza wiki tatu. Wakati mwingine kuna karatasi ya kusaini, nimepokea na sina dai tena, na aliyeumia mkono wa kulia anaweka dole gumba la kushoto. Tunamwuliza msimamizi huyo: ni sheria ipi iliyokupa mamlaka ya kupatana juu ya mkono wa mtu? Kupeleka taarifa kwa Mfuko ni wajibu, na kuukwepa ni kosa. Mfuko nao haukuundwa kumfilisi mwajiri. Uliundwa kumwondolea mzigo huo, na mwenye kuchangia akitoa taarifa kwa wakati hapotezi chochote. Anayeficha ajali, mara nyingi anaficha kitu kingine: vibarua 60 kwenye daftari la mlinzi, 15 kwenye orodha aliyoipeleka serikalini.

Siku ya tano, jamaa wanashauriana. Mfupa haujakaa vizuri, hospitali ni mbali, nauli ni nyingi, na kuna mzee kijiji cha pili anayesifika kwa kuunga mifupa. Gazeti hili halina ugomvi na wazee hao. Wapo walioinuliwa nao. Lakini muunga mifupa haandiki. Siku mgonjwa anapoingia uani kwake, kumbukumbu yake ya hospitali inakatika kama uzi, na dai la ulemavu husimama juu ya kumbukumbu isiyokatika: lini aliumia, nani alimwona, alitibiwa nini, alirudi lini, kiungo kimebaki na nguvu kiasi gani. Nenda kwa mzee ukipenda. Kliniki usiikose.

Siku ya saba inapita. Hakuna aliyeiona ikipita.

Halafu kuna kitu ambacho sheria haikukifikiria vya kutosha, nacho ndicho kinachoifanya Simiyu iwe tofauti na Kariakoo. Msimu wa kiwanda ni mfupi kuliko mwaka wa sheria. Vinu huunguruma miezi michache, kisha mnyororo unafungwa getini, msimamizi anarudi kwao Mwanza au Shinyanga, mlinzi anabadilishwa, na lile daftari la vibarua linaingia kwenye kabati ambalo funguo zake hazijulikani ziko kwa nani. Shahidi aliyekuwa zamu moja na mgonjwa yuko Meatu analima. Karatasi inasema aliyeumia ana miezi 12, lakini ushahidi wake una miezi mitatu au minne. Waswahili husema kawia ufike. Katika mambo ya fidia, aliyekawia hukuta geti limefungwa.

Na jina. Wasiotoka Usukumani watatuona tunakuza kijambo kidogo. Kijana kiwandani anaitwa Ng'washi, karani asiyejua kuandika ng' kamwandika Mwashi, hospitali ikamwandika kwa jina la babu yake, na kitambulisho cha NIDA kina jina la ubatizo ambalo hata mkewe hulitumia kwa nadra. Mbele ya mfumo wa kompyuta hao ni watu watatu, na hakuna kati yao aliyeumia. Kulisahihisha jina wiki ya kwanza ni kazi ya kalamu na dakika tano. Kulisahihisha baada ya mwaka ni viapo, barua za mtendaji wa kijiji, nauli, na "njoo Jumatatu".

Yapo pia maumivu yasiyotoa damu. Vumbi la pamba huingia mapafuni taratibu na kuleta ugonjwa uitwao kitabibu bisinosi, ambao Shirika la Kazi Duniani (ILO) linautambua kuwa ugonjwa wa kazi. Dalili yake ina tabia ya ajabu: kifua humbana mtu siku ya kwanza anaporudi kazini baada ya mapumziko, kisha kinaachia kadiri wiki inavyokwenda. Mgonjwa anaambiwa ana pumu, au anapimwa kifua kikuu, anapewa dawa ya kikohozi anarudi kwenye vumbi lile lile. Kwa ugonjwa wa kazi, miezi 12 huhesabiwa tangu ulipogundulika. Usipogundulika, hesabu haianzi, na dai halipo. Mfuko umekuwa ukiwafundisha madaktari nchini namna ya kutathmini ulemavu na magonjwa yatokanayo na kazi, na kwa hilo tunaupongeza. Tunachotaka ni kuona mafunzo hayo kwenye kliniki zilizo karibu na vinu, kwa kitendo kidogo tu: kumwuliza mwenye kikohozi kazi yake ni nini.

Wapo ambao haya yote hayawagusi kwa sababu hawana mwajiri wa kumtaja. Januari 13, 2024, kifusi kiliporomoka katika mgodi wa Ng'alita wilayani Bariadi na kuua wachimbaji wadogo 22. Mkoa ulilia, viongozi walifika, majeneza yalipangwa. Sisi wenye magazeti tuliandika, kisha tukaondoka. Swali ambalo hatukuliuliza kwa sauti ni hili: mchimbaji anayelipwa kwa kugawana mifuko ya mawe na mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, yeye ni mwajiriwa wa nani? Ikiwa mwenye duara anampangia saa za kuingia, anampa chakula, anamfukuza akichelewa, basi kwa macho ya mtu wa kawaida huyo ni bosi, na majina matamu ya ushirika hayabadilishi kitu. Wizara yenye dhamana ya kazi ilitolee hilo tamko lililonyooka badala ya kuwaachia wajane wabishane nalo. Kwa aliyejiajiri kweli kweli njia iliyobaki ni kujichangia mwenyewe NSSF, na wengi hawajaambiwa hata hilo.

Tukiri na hili kwetu wenyewe: waliokufa 22 wanaandikwa ukurasa wa kwanza, aliyepoteza vidole viwili haandikwi hata ukurasa wa mwisho.

Mfuko nao usijifiche nyuma ya makosa ya wengine. Makao yake ni Dar es Salaam. Siku hizi taarifa na madai hutumwa kwa mtandao, na ofisini hilo linaonekana ni ukombozi. Kwa mwajiri mwenye karani na kompyuta, kweli ni ukombozi. Kwa aliyeumia ambaye simu yake ni ya vitufe, mtandao ni ukuta mwingine. Hata akielekezwa Mwanza tu, hiyo ni nauli ya kupitia Lamadi na Magu kwa mtu ambaye kipato kimekatika, na huenda hawezi kujifunga kamba za viatu. Pengo hilo ndilo linalozaa vishoka: mtu mwenye kiofisi karibu na stendi anayejua kujaza fomu, anayekuambia usijali, tutagawana. Huduma ambayo haina malipo inageuzwa biashara kwa sababu tu wenye nayo wako mbali.

Wenzetu wamewahi kulifikiria hili. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, miaka kama 20 kabla ya kuanza kuwalazimisha babu zetu kulima pamba bila bima ya kitu chochote, tuweke hilo pembeni. Kilichofaa kuigwa ni kwamba huko mfanyakazi aliyeumia kiasi cha kushindwa kuendelea na kazi hupitishwa kwa daktari aliyeidhinishwa na bima ya ajali, na ripoti ya kwanza ya daktari huyo ndiyo inayofungua jalada. Mgonjwa hahitaji kuijua sheria. Sheria inamkuta kitandani.

Simiyu haihitaji madaktari wa Ujerumani. Inahitaji mambo ambayo bajeti yake ni ndogo na aibu ya kutoyafanya ni kubwa. Mkuu wa mkoa aagize kila kituo cha afya mkoani, kuanzia hospitali ya rufaa hadi zahanati iliyo jirani na kinu, kiandike kwenye kadi ya kila majeruhi mahali alipoumia na kazi aliyokuwa akifanya. WCF ilete ofisa wake akae Bariadi msimu mzima wa uchambuzi, mwenye meza, kiti na simu inayopokelewa, na wiki moja moja ashuke Maswa na Mwanhuzi, wilayani Meatu. Kinu kisichoonyesha orodha ya vibarua wake wote iliyofika kwenye Mfuko kisiruhusiwe kufungua geti. Tunajua wenye viwanda watalalamika kwamba vibarua hubadilika kila siku. Marobota nayo hubadilika kila siku, na hatujasikia robota lililopotea hesabu.

Vyama vya wafanyakazi tunaviachia swali tu. TUICO na TPAWU, mmeingia mara ngapi kwenye zamu ya usiku ya kinu cha pamba, si siku ya Mei Mosi? Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wamezoea migogoro ya ardhi na mirathi, na kazi hiyo ni njema. Waongeze jalada hili. Ni wao, pamoja na mtendaji wa kijiji, walio karibu kuliko ofisi yoyote na kitanda cha mgonjwa.

Wakumbuke pia kwamba kuna saa nyingine inayokimbia, fupi kuliko zote baada ya ile ya siku saba. Aliyeumia akifukuzwa kazi kwa sababu ya jeraha lake, ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Wengi hudhani kwamba kwa kuwa wanasubiri fidia, la kufukuzwa litasubiri nalo. Halisubiri.

Na kwa aliyelala leo na mkono uliofungwa, tunaandika haya mafupi ili mwanao au mkeo akusomee. Kadi ya hospitali isomwe kabla hujatoka dirishani. Kama haisemi uliumia kazini, omba iongezwe sasa hivi, hakuna atakayekufukuza. Majina ya watu wawili mliokuwa zamu moja yaandikwe pamoja na namba zao za simu, kabla hawajarudi vijijini. Ujumbe wa malipo uliotumiwa kwa simu usifutwe, maana huenda ndiyo hati pekee inayoonyesha kwamba kiwanda kile kiliwahi kukulipa. Jina lilinganishwe na kitambulisho. Msimamizi akija na sukari, mpokee, mpe kiti, mshukuru kama ulivyolelewa. Kisha mwombe akuonyeshe nakala ya taarifa aliyoituma WCF. Kama hana, mwanao aandike tarehe ya leo nyuma ya ile kadi, na kesho asubuhi taarifa ipelekwe bila yeye.